Mimi Kipofu wa Mchana, Yeye wa Usiku

Mwezi uliopita mpwa wangu aliyeolewa Muscat alinitumia ujumbe wa sauti. Alianza kwa shikamoo, akauliza hali za watu wa Ole, akauliza karafuu za msimu huu zimeendaje, nami nikajua kwamba salamu ndefu namna ile zimebeba jambo. Mume wake ana saratani ya ngozi iliyoanzia unyayoni, ile nyeusi inayoitwa melanoma. Anatiwa dripu za dawa zinazoamsha kinga ya mwili ili iishambulie saratani yenyewe. Baada ya dripu ya pili macho yakamwiva, mwanga ukawa unamchoma, na kila anachokitazama anakiona kwenye ukungu.

"Mjomba," akasema, "mguu na macho wapi na wapi? Wengine huku wanatwambia ni hasadi."

Aliniuliza mimi kwa sababu anayajua maisha yangu. Mimi si daktari, nimesomesha skuli mpaka nikastaafu. Lakini nina ualbino, na mtu mwenye ualbino aliyefika umri wangu amekwisha kukaa kwenye mabenchi ya kliniki za ngozi na za macho kiasi ambacho kama ingekuwa chuo, angelikwisha kupewa cheti. Na swali lake nilikuwa nimeshalisikia zamani, karibu kwa maneno yale yale, kutoka kwa mzee mmoja wa Rufiji. Tangu ujumbe ule mzee huyo hanitoki kichwani.

Nimezaliwa Ole, kaskazini ya Chake Chake, katika nyumba iliyozungukwa na mikarafuu. Anayeijua Pemba anajua kwamba msimu wa karafuu hauna mkubwa wala mdogo. Wenye nguvu wanapanda kuchuma, usiku nyumba nzima inakaa kuchambua karafuu na makonyo, na asubuhi zinamwagwa juu ya majamvi zikauke. Mimi sikuruhusiwa kupanda. Matawi nilikuwa siyaoni sawasawa, na mkarafuu hauna huruma na mtu anayepapasa. Nikapewa kazi iliyoonekana nyepesi: kukaa uwanjani kulinda majamvi, kuzigeuza karafuu, kufukuza kuku, na kupiga ukelele wingu la mvua likitokea.

Hebu itazame hesabu hiyo. Wachumaji wenye ngozi nyeusi walikuwa juu ya mti, ndani ya kivuli cha majani. Mimi nisiye na rangi ya kujikinga niliwekwa katikati ya uwanja mweupe, saa sita za mchana, kwa sababu watu walinionea huruma. Hapakuwa na aliyenitakia ubaya. Waliyaona macho yangu kuwa mabovu, wakayatafutia kazi. Ngozi hakuna aliyeifikiria. Mama akinipaka mafuta ya nazi asubuhi, na jioni akinipaka tena juu ya malengelenge. Mafuta ya nazi yana faida nyingi, ila kuzuia jua la Disemba hayawezi.

Huko nyumbani tulidhani nina maradhi mawili, ya macho na ya ngozi. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamishwa kwamba ni jambo moja. Rangi inayoitwa melanini haikuwekwa mwilini ili watu wawe weusi tu. Mtoto akiwa bado tumboni, rangi hiyo inahitajika ili jicho likomae. Ikikosekana, sehemu ya katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, haikamiliki, na nyuzi za neva zinazotoka kwenye macho kwenda kwenye ubongo nyingi zinavuka upande usio wake. Ndiyo maana macho yetu hucheza, na ndiyo maana miwani haitumalizii tatizo. Nilipovishwa miwani mara ya kwanza niliona ukungu ule ule, ila sasa una kingo.

Chuoni nilisoma Msahafu pua ikigusa karatasi. Skuli walinikalisha benchi la mbele, jambo la busara, lakini benchi la mbele lilikuwa karibu na mlango, na mlango ulikuwa unatazama jua. Nilichokisoma nilikisoma kwa kusikiliza. Raha yangu ilikuwa Magharibi ikiingia. Jua likishazama nilifungua macho yote mawili, nikacheza na wenzangu kwenye kiza kile chepesi bila kujikunyata uso. Jambo hilo la jioni likumbuke, maana nitalirudia.

Nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu kilinitoka kidonda nyuma ya sikio. Hakikuwa kinauma. Kilikauka, kikabanduka, kikarudi, kila mara kipana zaidi kidogo. Nikapewa dawa ya kupaka sehemu moja, nikapewa dawa nyingine sehemu nyingine, mpaka mganga mmoja mwenye akili timamu, wa hospitali, aliponiandikia barua ya kwenda Dar es Salaam. Nikashuka Mkoani nikapanda meli kwenda Unguja, na kutoka Unguja nikavuka.

Taasisi ya Saratani Ocean Road iko kando ya bahari, karibu na Ikulu. Jengo lake la zamani lilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na tangu mwaka 1996 ni taasisi inayojitegemea ya kutibu saratani. Mimi nilifika hapo nikiwa na hofu ya mtu anayeamini kwamba yuko peke yake. Nikakuta benchi zima la watu wenye ualbino, kutoka Mwanza, kutoka Tanga, kutoka Lindi, mmoja na kidonda cha shavu, mwingine cha shingo, mwingine sikio limekwisha. Wote vijana. Nilijiuliza wazee wetu wako wapi.

Jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa. Mwaka 1985 Dk. Jeff Luande na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu 350 wenye ualbino waliofuatiliwa kliniki Dar es Salaam. Madhara ya jua waliyaona kwa wote, hata kwa watoto wachanga, na saratani zilizokomaa ziliwaangukia wengi walipofika miaka ya thelathini. Wazee hawakuwepo kwenye benchi kwa sababu hawakufika uzee. Magazeti yaliandika sana, na kwa haki, habari za mauaji ya watu wenye ualbino ya mwaka 2007 na miaka iliyofuata. Lakini jua limeua wengi wetu kuliko mapanga, na jua halipelekwi mahakamani.

Saratani yangu ilikuwa ya seli za juu za ngozi, ile inayotupata sisi kwa kawaida. Ilikatwa, nikapigwa mionzi, nikapona. Sehemu ya juu ya sikio sina, na kofia inafunika. Sitaki kukaa sana hapo, maana aliyenifundisha kitu katika wodi ile hakuwa mimi.

Kwenye kitanda cha jirani yangu alilala mkulima wa mpunga kutoka Rufiji, mrefu, mweusi tititi, mwenye sauti ya kuadhini. Mguu wake wa kulia ulifungwa bendeji kuanzia kisiginoni. Alinisimulia kwamba ilianza kwa doa jeusi unyayoni, dogo, akadhani ni damu iliyovilia baada ya kukanyaga kisiki. Mwenye kulima mpunga hutembea peku, na nani anayekagua nyayo zake? Doa likatanuka, likapasuka, likawa donda linalotoa maji. Likatiwa majani, likachanjwa kwa wembe, mwisho likakatwa hospitalini, na wakati huo mitoki ya kinenani ilikuwa imeshakuwa mikubwa.

Tulipangwa jirani kwa bahati tu, lakini tukawa mtu na mwenzake. Mchana yeye ndiye aliyekuwa na macho. Alinisomea gazeti, mpira kwanza, kisha matangazo ya vifo, kisha siasa kama usingizi haujamchukua. Alinitajia daktari anayekuja kabla mimi sijaona kitu, akanionyesha chai imewekwa wapi. Wodi ilikuwa na madirisha makubwa, mwanga wa bahari ukiingia wote, nami nikashinda nimefumba nusu ya macho.

Jua likizama mambo yakageuka. Mimi nilifungua macho nikapumua. Yeye akaanza kupapasa ukingo wa kitanda. Akitaka kwenda msalani alinigusa begani: "Kijana, nipeleke." Nikamshika mkono tukaenda, mwenye ualbino akimwongoza mwenye macho mazima, na wagonjwa wa vitanda vya mlangoni wakicheka mpaka wakikohoa. Sisi wenyewe tulicheka. Mzee alisema Mungu amegawa zamu: mchana wake, usiku wangu.

Nilimuuliza tatizo lile limeanza lini. Akaniambia miezi michache baada ya donda kukatwa. Kabla ya hapo alikuwa akilala kwenye dungu shambani kulinda mpunga usiku kucha, akimwona nguruwe kabla hajaingia. Sasa kiza cha Magharibi kinamwingia yeye mapema kuliko wenzake. Na kuna jambo jingine, alilisema kwa sauti ndogo kwa kuwa lilikwisha kumletea maneno kijijini: "Naona vimulimuli. Vyeupe, vinacheza, vinazimika, vinawaka. Hata nikifumba macho."

Alikuwa amekwenda kwenye kliniki moja ya macho. Wakampima mchana kwa herufi za ukutani, akazisoma mpaka mstari wa chini kabisa. Wakamulika ndani ya jicho, wakakuta kila kitu kiko sawa. Akaambiwa macho yake mazuri, labda ni umri. Kijijini wakasema ni jini la mtoni, akanyweshwa kombe, akafukizwa, na vimulimuli vikabaki pale pale. Kumbe kulikuwa na alama ya tatu, na hiyo kila mtu aliiona: migongo ya mikono yake ilikuwa inatoka mbalanga, mabaka meupe yenye kukua. Wagonjwa wengine walimwogopa wakidhani ni ukoma. Yeye alinionyesha akitabasamu: "Ukoo wenu unanichukua polepole."

Donda la mguu, macho ya usiku, mabaka ya mikono. Mambo matatu, na kila moja lilikuwa na mtu wake wa kulitazama. Wa donda alitazama donda. Wa macho alitazama macho. Mabaka hayakuwa na mwenyewe.

Aliyeyaunganisha alikuwa daktari kijana kabisa, huenda alikuwa bado anajifunza. Alipita vitandani jioni, umeme umekatika, akawa anafungua bendeji kwa mwanga wa tochi. Mzee akanyoosha mkono kuchukua gilasi ya maji akaikosa. Daktari akaacha bendeji. "Mzee, usiku unaona?" Akaulizwa yote, akajibu yote, vimulimuli na nguruwe na kombe. Kijana yule aliandika muda mrefu kwenye faili. Kisha akasema amewahi kusoma kwamba saratani ya namna hii inaweza kuzima macho bila yenyewe kufika machoni.

"Ugonjwa uko mguuni," mzee akasema. "Macho wapi na wapi?"

"Mwili wako unapigana na ugonjwa wa mguuni, baba. Katika kupigana unayaumiza macho yako."

Mzee alinyamaza, halafu akacheka. Basi ni mwili wake mwenyewe! Niliona kwamba habari ile haikumvunja moyo. Alikuwa ametembea na jini kwa miezi mingi, na sasa ameambiwa kuwa jini halipo. Ipo faida katika kuambiwa sababu hata pale dawa inapokosekana, na watu wanaotibu wengine wangelijua hilo wasingekuwa wabahili wa maneno. Aliruhusiwa kabla yangu, mwanawe alikuja kumchukua. Habari za kifo chake nilizipata kwa barua, mwaka haujesha.

Miaka mingi baadaye, nikibadilishiwa miwani Unguja, nilimweleza daktari wa macho kisa hicho kama mtu anavyosimulia mambo ya safari. Akaweka kalamu chini. Akasema hawezi kuapa juu ya mgonjwa asiyempima, lakini maelezo yangu yanafanana sana na ugonjwa ulioelezwa na madaktari wawili wa Boston, Eliot Berson na Simmons Lessell, mwaka 1988: watu wenye melanoma wanaopoteza uoni wa usiku na kuona miale inayometameta. Ni ugonjwa nadra. Huwapata zaidi wanaume, na mara nyingi hutokea wakati saratani imeshajulikana, pengine imeshasambaa.

Alinieleza taratibu, nami nitajaribu kueleza kama alivyoeleza. Retina ina seli zinazopokea mwanga, na nyuma yake zipo seli za kupokeza zinazochukua habari ile na kuisogeza mbele kuelekea ubongoni. Kwenye kiza, kazi yote ya kupokeza inategemea kundi moja tu la seli hizo. Sasa, mfumo wa kinga ukiigundua melanoma hutengeneza kingamwili za kuishambulia. Miongoni mwa vitu vinavyolengwa kuna protini inayoitwa TRPM1. Protini hii ilitambuliwa kwanza kwenye seli za rangi, mwishoni mwa miaka ya 1990. Lakini ipo pia kwenye zile seli za kupokeza za retina, na mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa ndiyo inayopigwa. Kingamwili zimetumwa kumkamata mtu mwenye kanzu nyeupe, zimefika msikitini Ijumaa.

Ndiyo maana mzee alizisoma herufi zote. Mchana, katikati ya jicho, alikuwa mzima. Na ndiyo maana tochi ya daktari haikuona kitu, kwani mwanzoni retina huonekana haina kasoro. Kipimo kinachoufichua ugonjwa huu ni cha umeme wa retina: mgonjwa huwekewa nyaya ndogo kwenye jicho, mwanga unapigwa, na mashine inachora mawimbi. Wimbi la kwanza, la seli zinazopokea mwanga, linabaki. La pili, la seli za kupokeza, linatoweka. Mashine hiyo si ya kila hospitali. Lakini swali la "usiku unaona?" halihitaji mashine.

Mabaka meupe nayo yana chanzo hicho hicho. Kinga inayofukuzana na melanoma huzipiga pia seli za rangi zilizo salama kwenye ngozi, na rangi inafutika. Madaktari wameona kwamba wagonjwa wanaotoka mabaka hayo mara nyingi huishi zaidi, kwa kuwa ni dalili kwamba mwili umeiona saratani na haujakata tamaa. Yule mzee wangu, watu waliyakimbia mabaka yake, na huenda ndiyo yaliyokuwa habari njema pekee mwilini mwake.

Hapa nilikaa kwenye kiti cha daktari nikafikiri. Seli za rangi ninazo hata mimi, zimekaa mahali pake, ila hazitengenezi rangi. Za mzee zilikuwa zinafanya kazi tele, na moja ikaasi. Mimi nililindwa na nini? Melanoma kwa watu wenye ualbino ni nadra. Sisi tunauawa na saratani za aina nyingine. Na weusi wa ngozi, ambao mimi utotoni niliutamani kama kinga ya kila kitu, haumkingi mtu unyayoni. Kwa Waafrika weusi melanoma hupenda kutokea huko, kwenye unyayo, kiganjani na chini ya kucha, mahali ambapo jua halifiki. Bob Marley, ambaye picha yake utaikuta kwenye kila daladala ya pili, alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36 kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Watu wanazijua nyimbo zake kwa moyo. Kidole hicho hawakijui.

Kinga inaweza kuumiza macho kwa njia nyingine tena, ya kulala. Hilo nililiona kwa mvuvi mmoja wa pwani ya mashariki, jamaa yetu, aliyetokwa na kitu cheupe kwenye weupe wa jicho, pembeni mwa mboni. Sote tulikiita kinyama, kwani wavuvi wengi wanacho, cha upepo na chumvi na jua. Cha kwake kilikua haraka. Alipotibiwa kwa dhati jicho halikuokolewa, na vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa ana Virusi vya Ukimwi. Ile ni saratani ya utando wa jicho, ndugu wa karibu wa saratani niliyokuwa nayo mimi sikioni. Jua huianzisha, na kinga iliyodhoofika huiachia njia. Mwaka 1995 Ateenyi-Agaba wa Uganda alionyesha uhusiano wake na virusi hivyo, na mwaka 2016 Dk. Stephen Gichuhi wa Kenya na wenzake walichapisha matokeo ya kutumia matone ya dawa ya fluorourasili baada ya upasuaji: waliopata matone, saratani iliwarudia kama 11 katika kila 100, na wasioyapata kama 36. Ni dawa ya zamani, na utafiti umefanyika kwa majirani zetu. Mvuvi yule alipoteza jicho kwa kuwa alikuja jicho likiwa limeshaharibika, na alichelewa kwa kuwa sote tulishampa jina la ugonjwa.

Kwa hiyo nilipomrudia mpwa wangu nilikuwa na la kumwambia, na sehemu kubwa ilikuwa kumtoa hasadi kichwani. Dawa anazotiwa mume wake ni za kizazi kipya. Mwili una breki zinazozuia kinga isijishambulie, na melanoma hujificha nyuma ya breki hizo. Dawa huzilegeza. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2018 kwa kazi iliyofungua njia hiyo, na watu ambao zamani wangehesabiwa miezi sasa wanaishi miaka. Lakini kinga iliyolegezwa breki inaweza kuparamia utumbo, ini, tezi, ngozi, na kwa wachache, kama mmoja katika mia, ndani ya jicho. Hicho ndicho kilichomfika. Si kile alichokuwa nacho mzee wa Rufiji, ni jamaa yake.

Nilimwambia kitu kimoja cha lazima: amweleze daktari wa saratani habari za macho siku hiyo hiyo, na amweleze daktari wa macho jina la dawa ya saratani. Kumbe mume alikuwa ameamua kukaa kimya. Aliogopa dripu zitasimamishwa. Hofu yake naielewa, kwani ipo mizani ngumu hapa: dawa za kutuliza kinga ili macho yapone zinaweza pia kuipunguzia kinga makali dhidi ya saratani. Mizani hiyo ni ya madaktari kuipima, nao hawawezi kupima wasichoambiwa. Walipoambiwa walimpa matone ya steroidi, macho yakatulia baada ya wiki chache, na dripu zikaendelea. Kwa mzee wangu mambo yangekuwa magumu zaidi hata leo. Ugonjwa wake wa retina hutibiwa kwa kupunguza saratani yenyewe na kwa dawa za kutuliza kinga, na uoni uliokwisha kupotea mara nyingi haurudi wote.

Nina lawama moja, nayo siielekezi kwa hospitali yoyote bali kwa mpango mzima tuliouzoea. Kadi yangu ya macho na kadi yangu ya ngozi hazijawahi kukutana. Naenda kwa wa macho, ananipa miwani na kuniuliza kama nasoma vizuri, sikio langu lililokatwa liko mbele ya uso wake. Naenda kwa wa ngozi, ananikagua mgongo na shingo, na hajui kwamba vidonda vyangu vya mgongoni mimi siwezi kuviona hata kwenye kioo, kwa macho haya. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna chuo cha magonjwa ya ngozi cha kanda tangu mwaka 1992, na huko huko hutengenezwa KiliSun, mafuta ya kuzuia jua yaliyoundwa kwa ajili ya ngozi zetu. Ni kazi inayostahili sifa. Lakini mafuta hayafiki Ole kwa kutamaniwa, na mtoto mwenye ualbino wa Ole hata leo utamkuta uwanjani anageuza karafuu.

Basi mzazi mwenye mtoto kama mimi, msimu ukija mpe kazi ya usiku, akae kwenye uchambuaji na wenzake. Mchana mvishe kofia pana na mikono mirefu, na kidonda kisichopona kipeleke hospitali kingali kidogo. Muuguzi wa macho, ukikutana na mtu mzima anayesoma herufi zote mchana na kupapasa usiku, mwambie avue viatu umtazame nyayo, na umuulize kama amewahi kukatwa doa lolote. Daktari wa saratani, muulize mgonjwa wako kama anaona vimulimuli, maana yeye hatakwambia, atampelekea mganga.

Nawe unayesoma, leo kabla ya kulala kaa kitako, geuza nyayo zako zote mbili uzitazame, na kama mgongo au macho hayakuruhusu, mwite mtu akutazamie. Ukikuta doa jeusi linalokua, nenda hospitali, wala usisubiri liume.